Vitone Vyeusi Kichwani mwa Refa

Daktari wa picha alikuwa amevaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, maana chumba chake kilikuwa baridi kama jokofu la bucha. Alisema mashine ndizo zinazodekezwa humo ndani, binadamu wanavumilia tu. Alimsogezea Inspekta kiti, akamwondolea Koplo kikombe cha kahawa kabla hakijamwagikia kibodi, kisha akazima taa.

“Haya,” alisema, “karibuni kichwani mwa Refa.”

Refa alikuwa mzee mjane aliyechezesha mpira nusu ya umri wake kwenye kila kiwanja cha mji ule, na mtaani hakuna aliyekumbuka kwamba aliwahi kuwa na jina jingine. Jana yake asubuhi alikutwa amelala sakafuni nyumbani kwake, paji la uso limepasuka, mdomo umekwenda upande, mkono na mguu wa kulia havina nguvu. Adhuhuri ilimkuta mkwe wake mahabusu. Mkwe huyo alikuwa fundi wa friji, ameoa binti pekee wa Refa, na wote watatu waliishi nyumba moja. Jua lilipozama, mtaa mzima ulikuwa umeshamhukumu, kilichobaki ni kuchagua gereza.

Jalada lilikuwa mikononi mwa Inspekta, mwanamke mfupi, mwepesi wa kucheka, ambaye kituoni walimbandika jina la Kwanini kwa sababu ya swali alilolipenda kuliko yote. Mkuu wa kituo alitaka jalada hilo mezani kwake kabla ya watu kufunga kazi, ili kesho yake mkwe afikishwe mahakamani kwa shtaka la kujaribu kuua. Na kwa kweli kesi ilikuwa imekaa vizuri juu ya mafiga matatu. Mdogo wake Refa, anayeishi nyumba ya mbele, alimsikia mkwe akifoka, “Utakufa leo!” Kisha akamwona anatoka mbiombio na ngazi ya bati begani. Ngazi yenyewe haikuonekana tena. Mkwe alipoulizwa alikubali maneno, akakubali ngazi, na baada ya hapo akanyamaza kama maji ya mtungini.

“Jeraha la nje liko wapi?” daktari aliuliza.

“Upande wa kulia wa paji la uso,” Inspekta alijibu.

“Hii ni picha ya CT waliyompiga mara tu alipofikishwa. Nitafutie damu chini ya jeraha hilo.”

Inspekta aliinama kwenye skrini, Koplo naye akashusha kidevu juu ya bega la bosi wake. Hawakuona kitu. Daktari aliwaeleza kwamba hawakuona kwa sababu hakipo: fuvu ni zima, na ubongo ulio chini ya jeraha hauna hata mchubuko. Kisha akasogeza kishale hadi upande wa kushoto, ndani kabisa, mahali palipokuwa na donge jeupe la ukubwa wa ndimu.

“Damu ndiyo hii. Mtu akipigwa kichwani, damu humwagika karibu na fuvu. Ama chini ya pigo, ama upande wa pili ambako ubongo umejibamiza ukutani. Hii haikutoka ukutani. Imetoka katikati ya nyumba, kwenye vimishipa vyembamba kama nywele ambavyo rungu haliwezi kuvifikia bila kubomoa mlango kwanza.”

“Kwa nini vipasuke vyenyewe?”

“Nilijua utauliza, sifa zako zimefika mpaka huku.” Alifungua picha nyingine. “Hizi ni za MRI, za leo asubuhi. Ziliombwa maalumu kwa sababu mimi ni mbishi.”

Katika picha hizo, ndani ya ubongo wa Refa, palikuwa na vitone vyeusi vilivyotawanyika kama mbegu za papai. Kila kitone, daktari alisema, ni mahali ambapo mshipa mdogo uliwahi kuvuja tone la damu, ukajiziba, na mwenyewe akaendelea kunywa chai yake bila habari. Akawaonyesha mabaka meupe kama mawingu, sehemu ambazo kwa miaka zimekuwa zikipata damu pungufu. Akawaonyesha na vishimo viwili vitatu: viharusi vidogo vilivyopita bila kubisha hodi. Alivieleza kwa furaha ya mtu anayeonyesha picha za harusi, ingawa hakusahau kusema kwamba anayezungumziwa ni baba wa watu.

Inspekta alitaka kujua kwa nini vitone vimejikusanya katikati. Daktari akasema hapo ndipo penyewe. Vingekuwa pembezoni, kwenye gamba la ubongo, angefikiria ugonjwa mwingine wa uzeeni unaoziharibu kuta za mishipa. Vikikaa katikati namna ile, mshukiwa wake wa kwanza huwa ni presha. Presha ya miaka na miaka, wala si ya jana.

“Binti yake ameniambia baba hajawahi kuugua,” Inspekta alisema. “Hajawahi kumeza hata kidonge cha kichwa.”

“Basi binti hajui. Ila kuna mtu anajua, maana mwanamume hawezi kutembea na kitu hiki miaka yote hiyo bila kuyumba siku moja mbele ya mtu.” Daktari aliwasha taa. “Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu mahakamani nitasema hivihivi. Picha zangu hazina saa na hazijui majina ya watu. Zinasema damu hii haikutokana na pigo. Nani alikuwa chumbani, nani alifoka, hilo ni lako.”

Halafu akageuka kuwa yeye ndiye muulizaji. Wodini walihitaji jambo moja kwa haraka: je, Refa alikuwa akitumia dawa yoyote ya kuifanya damu iwe nyepesi? Kipimo cha kuganda kwa damu kilitoka salama, lakini zipo dawa za kawaida kabisa ambazo kipimo kile hakizinasi, na mgonjwa aliyezimeza donge lake linaweza kuendelea kunenepa. Binti anasema hakuna. Mgonjwa mwenyewe hasemi.

“Anasema neno moja tu,” daktari aliongeza. “Nenda ukamsikilize.”

Wodi ilikuwa ghorofa ya pili, na Koplo, mwenye kitambi cha heshima, alifika juu akihema kuliko wagonjwa. Refa alikuwa ameegemezwa mito, macho maangavu, bandeji imemzunguka kichwa. Binti yake alikuwa ameketi upande mmoja akimshika mkono uliolala. Upande wa pili alikaa mdogo wake Refa, mzee mkavu aliyenyooka kama mlingoti. Huyu ndugu zamani alikuwa mshika kibendera kwenye mechi za kaka yake, na mpaka leo wanamwita Kibendera. Alimpokea Inspekta kabla hajafika kitandani.

“Umekuja wakati mzuri, afande. Ameshatamka. Sikiliza mwenyewe.” Akamwinamia kaka yake. “Kaka, mkwe wako tumfanye nini?”

“Nje,” alisema Refa.

Kibendera alinyanyua mikono kama aliyemaliza kesi. Binti aliangalia chini. Tangu jana alikuwa kati ya baba na mume, na alionekana mtu aliyelia mpaka machozi yakagoma.

Inspekta alisogeza kiti. Alitoa kalamu mfukoni, akamwuliza mzee hiki ni nini. Refa akaitazama, akafikiri, akajibu kwa uhakika kwamba ni nje. Akaulizwa Koplo ni nani, naye akawa nje. Alipoulizwa kuhusu binti yake, uso ukamlainika, na neno lilelile likatoka polepole, kwa mapenzi. Muuguzi aliyekuwa akipita alieleza kwamba donge limegusa njia za maneno. Kichwani mzee anayo maneno mengi, mlangoni linapita moja tu. Inspekta alijaribu njia ya kutikisa kichwa. Je, mkwe alikupiga? Refa akatikisa kuwa hapana. Kibendera akanuna. Inspekta akauliza tena, je, wewe ni mwanamume? Refa akatikisa vilevile kuwa hapana, kisha yeye mwenyewe akagundua amekosea, bega zima likamtikisika kwa kicheko cha upande mmoja. Binti akacheka pia, kwa mara ya kwanza tangu jana.

“Basi ushahidi wake tuuache upumzike,” Inspekta alisema.

Lakini alikuwa ameshaona kitu. Shavu la kushoto la Refa lilikuwa laini, limeng'aa. Shavu la kulia lilikuwa na ndevu nyeupe za siku kadhaa, zimesimama kama mabua ya shamba lililovunwa nusu. Alimwuliza muuguzi kama kuna mtu amemnyoa hapo wodini. Muuguzi akasema hakuna; aliletwa hivyohivyo, na hata povu kidogo lilikuwa limekaukia sikioni.

Inspekta alimchukua Kibendera hadi kwenye benchi la korido. Alimwomba arudie habari ya jana tangu mwanzo, na mzee akarudia kwa raha ya mtu aliyeshasimulia mara nyingi. Alikuwa amekaa getini kwake na chai yake. Refa akatoka kibarazani akamwita, akamwambia njoo uone, mkwe wangu ananitawala ndani ya nyumba yangu.

“Uso wake ulikuwaje?”

“Umewaka. Na zile ndevu zake, ndevu zote zimemsimama kama paka aliyemwagiwa maji.”

“Zote?”

“Zote, afande. Alikuwa hajanyoa tangu wiki iliyopita, mimi mwenyewe nilikuwa nikimtania.”

Binti alikuwa ameshakwenda sokoni. Baada ya hapo Refa alirudi ndani, makelele yakaendelea, likaja lile neno la kufa, na mkwe akatoka na ngazi. Inspekta aliuliza kama mkwe alirudi. Kibendera alisema hakurudi. Geti la kaka yake liko mbele ya macho yake, hata kuku angepita angemwona. Na yeye mwenyewe aliingia lini? Hapo mzee alijikuna shingo. Jana alikuwa amesema aliingia palepale. Sasa, akiangaliwa na macho yale madogo yasiyopepesa, alikiri kwamba chai ilikuwa bado ya moto, na hasira za kaka yake anazijua, ni vizuri kuziacha zipoe. Alimaliza chai. Akaongeza kikombe. Halafu ndipo akavuka barabara.

“Sasa niambie, mzee wangu,” Inspekta alisema kwa upole, “kaka yako alinyoa lile shavu moja saa ngapi? Wakati anagombana?”

Kibendera aliugeukia mlango wa wodi, akajipapasa shavu lake mwenyewe.

Nyumba ya Refa ilikuwa safi ya kujivunia, sakafu ya saruji nyekundu iliyopakwa nta mpaka unaweza kuchania nywele. Jana polisi wa doria waliangalia sebule tu, mahali Refa alipokutwa. Inspekta alianzia bafuni. Juu ya sinki kulikuwa na kioo kidogo, brashi iliyokauka na povu lake, na bakuli la maji yaliyofanya utando. Birika la umeme lilikuwa limewekwa chini, pembeni, kama lilivyoachwa na mtu aliyejiletea maji ya moto mwenyewe. Wembe ulikuwa sakafuni, upande wa kulia.

“Umemponyoka,” alisema Koplo.

“Kwa nini hakuuokota?”

Koplo aliinua mkono wake wa kulia, akauachia ukaanguka kama kitambaa kilicholowa. Inspekta akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Kisha walipiga magoti wote wawili mlangoni pa bafu, jambo lililomgharimu Koplo kifungo kimoja cha shati, wakaitazama sakafu kwa kuinamisha macho hadi usawa wa mwanga. Toka bafuni kuelekea sebuleni kulikuwa na alama za ndala kwenye nta. Za kushoto zilikuwa nyayo kamili, moja moja. Za kulia hazikuwa nyayo. Ulikuwa mchirizi mmoja mrefu, wa mguu unaoburutwa, ukapinda zaidi na zaidi kuelekea kulia mpaka ukaishia kwenye kona ya meza ya kulia chakula. Pale konani kulikuwa na damu kavu na unywele mweupe.

Koplo alikaa sakafuni kabisa, akiwa ameshakata tamaa ya kuinuka haraka. Inspekta akaanza kuhesabu kwa sauti, kama afanyavyo siku zote jambo linapojipanga. Mkwe anaondoka na ngazi. Mzee anachemsha maji, anapaka povu, ananyoa shavu moja. Mshipa unapasuka upande wa kushoto wa ubongo, mkono wa kulia unakufa, wembe unaanguka. Anajikokota kutafuta msaada, mguu wa kulia haumbebi, anaangukia kulia, paji la uso linapiga meza. Jeraha limekuja mwisho, halikuja mwanzo.

“Basi jamaa hana kosa,” Koplo alisema.

“Hana. Ila kwa nini hasemi? Mtu asiye na kosa hukufokea mpaka masikio yakuume. Huyu anakaa kimya kama anamlinda mtu.”

Mkwe alikuwa amekaa kwenye benchi la mahabusu, mwanamume mrefu mwenye mikono mipana yenye makovu ya waya na shaba. Inspekta aliagiza chai kwanza. Hakumwuliza habari ya ngazi, wala neno la kufa. Alimsubiri anywe nusu ya kikombe.

“Baba mkwe wako ana presha ya miaka mingi,” alisema. “Sikuulizi, nakuambia.”

Kikombe kilisimama njiani.

“Nani amesema?”

“Kichwa chake mwenyewe. Kimepigwa picha. Mishipa midogo imejaa makovu, kila kovu linaonekana. Daktari ameyaona, nami nimeyaona, hata Koplo ameyaona.”

Mkwe alikiweka kikombe chini taratibu. “Kwa hiyo si mimi niliyesema.”

“Si wewe.”

Alivuta pumzi ndefu, akajifuta uso kwa kiganja, na maneno yakaanza kutoka kama maji ya bomba lililokuwa limeziba. Mwaka uliopita Refa alimtembelea karakana, akasimama ghafla, akayumba, akashikilia friji bovu kama mtu aliye melini. Mkwe alimpeleka zahanati. Presha ikakutwa juu sana, akapewa vidonge vya kila siku. Njiani kurudi, mzee alimshika mkono akamwapisha. Binti yake asijue. Akijua atamnyang'anya filimbi, na mechi za maveterani za Jumapili ndizo zilizobaki katika maisha yake. Mkwe akakubali. Akawa anamnunulia dawa na kuzificha karakana, mzee anapita kila asubuhi kama anakwenda kusalimia.

“Kwa nini hukumwambia mkeo hata jana?” Inspekta aliuliza. “Ulikuwa unakwenda jela.”

“Aliniambia hili ni la wanaume wawili. Mimi nimeingia nyumba ile sina baba, afande. Yeye ndiye aliyenifanya mtoto wake. Ningelitoa polisi, mke wangu angelisikia polisi. Akipona, ningemtazama vipi?”

Inspekta alimwuliza jambo lililokuwa linamkaa rohoni tangu chumba cha baridi: dawa. Mkwe akainamisha kichwa. Mzee alikuwa ameviacha vidonge vya presha wiki kadhaa, kwa sababu vilimpeleka haja ndogo kila mara, na refa hawezi kuomba ruhusa katikati ya kipindi cha pili. Badala yake rafiki mmoja wa uwanjani alimpa aspirini za magoti, akazitafuna kila asubuhi kama karanga. Mkwe aligundua juzi tu, maana kila asubuhi mzee alivipokea kama kawaida na kuvitupa njiani. Na jana asubuhi akamkuta anatoa ngazi, anataka kupanda paani kurekebisha antena ili aone mpira.

“Nikamwambia, baba, ukipanda huko na presha hiyo utakufa leo. Akaniambia nyumba ni yake na paa ni lake. Nikaona dawa ni kuondoka na ngazi. Iko karakana, nyuma ya friji.”

Inspekta hakungoja mwisho. Alimpigia simu daktari palepale, akamtajia aspirini, na upande wa pili daktari alishukuru kwa neno moja akakata, kwa sababu alikuwa ameshaanza kukimbia. Koplo alikwenda karakana akarudi na ngazi. Miguu ya ngazi ilikuwa na madoa mekundu yaliyomfanya ashtuke kidogo, mpaka alipoyakwaruza kwa ukucha na kuyanusa. Ilikuwa nta ya sakafu.

Mkuu wa kituo alisoma ukurasa wa kwanza wa taarifa, akauliza kama kweli anatakiwa kumwachia mtuhumiwa kwa sababu ya vitone. Inspekta akamjibu kwamba vitone vinasema pigo halikuwepo, na kama bosi haviamini, ndevu zinasema mkwe hakuwepo, achague anachokiamini. Mkuu alisoma ukurasa wa pili. Akacheka peke yake, akatia sahihi, akasema kwamba tangu aanze kazi hajawahi kufunga jalada kwa wembe ambao haukumkata mtu.

Jioni, jua likiwa bado lipo dirishani, Inspekta alimpeleka mkwe hospitali mwenyewe. Angeweza kumtuma Koplo, lakini alisema alikuwa anapita njia hiyo, ingawa njia hiyo haikuwa yake. Daktari alikutana nao koridoni, safari hii na sweta moja. Donge halikuwa limeongezeka. Presha ya mzee ilikuwa imeshushwa taratibu, aspirini imepigwa marufuku, na mtaalamu wa kufundisha watu kusema upya angeanza naye kesho. Mkono utachelewa, maneno yatarudi kwa mazoezi, filimbi ndiyo hakuahidi.

Binti alitoka wodini. Alimtazama mumewe kutoka viatuni hadi kichwani.

“Ulijua?”

“Nilijua.”

“Mwaka mzima unalala kitanda kimoja nami, unajua.”

Binti alimpiga begani kwa ngumi, si ngumi ya kuumiza, kisha akabaki amelishika shati palepale alipopiga, na akalaza kichwa kifuani pake hapohapo koridoni, watu wakipita na vitanda vya magurudumu. Inspekta aligeuka kusoma tangazo la kunawa mikono ukutani. Alilisoma mpaka mwisho.

Kibendera alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Alimsogelea mkwe akamwambia kwamba katika maisha yake amenyanyua kibendera vibaya mara nyingi, na kila mara kaka yake ndiye aliyemsahihisha kwa kukataa kupuliza. Jana kaka yake hakuweza, naye akaona haya. Aliomba radhi kwa maneno machache, kama wazee waombavyo kwa vijana, akitazama pembeni. Mkwe alimpokea kwa mikono miwili akamwambia yameisha, baba mdogo.

Muuguzi akaja na mashine ya kupimia presha kwenye kigari. Daktari alikuwa ameagiza ndugu wote wa damu wapimwe, kwa kuwa mambo haya hupenda kukaa ndani ya ukoo. Binti alitoa mkono, akawa salama. Kibendera alisema yeye ni mzima, hajawahi kulala hospitali isipokuwa siku ya kuzaliwa. Muuguzi alimfunga ile bendi hivyohivyo. Mashine ikavuma, ikapumua, ikatoa namba. Muuguzi akaitazama namba, akamtazama mzee, akafunga tena.

Mara ya pili Kibendera alidai kwamba ni ngazi za ghorofa. Mara ya tatu akadai kwamba mashine imezoea wagonjwa. Binti alikuwa ameitwa kitandani, baba yake anataka maji, kwa hiyo waliobaki koridoni walikuwa muuguzi, Inspekta, Koplo aliyejisogeza mbali na kile kigari, na mkwe. Muuguzi aliandika namba kwenye kikaratasi, akamkabidhi mzee, akamwambia kliniki ni kesho asubuhi, bila kukosa.

Kibendera alikikunja kikaratasi kidogo kidogo mpaka kikawa kama punje. Akamsogelea mkwe karibu kabisa, akamshika kiwiko, akashusha sauti.

“Mwanangu, wewe umeshathibitika mtu wa siri. Hili nalo libaki letu, la wanaume wawili.”

Mkwe alimtazama yule mzee kwa heshima zote. Akauweka mkono wake mpana juu ya mkono uliomshika, ili usimtoroke. Kisha akageukia mlango wa wodi na kusema kwa sauti iliyofika hadi kitanda cha mwisho:

“Mke wangu, njoo. Baba mdogo naye ana presha.”